Dar ya kwenye kompyuta ina mapaa ya Ulaya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme machache kuhusu jiji letu linavyoonekana kutoka angani. Sisemi kutoka kwenye ndege ya kweli, ambayo kwa pensheni yangu naipanda kwa macho tu, bali kutoka kwenye programu ya kompyuta inayomwezesha mtu kurusha ndege akiwa amekaa sebuleni. Najua wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto na kuhamia ukurasa wa michezo. Nawaomba wasubiri kidogo, maana ombi langu linawahusu wenye nyumba zaidi ya wenye kompyuta.

Mimi ni mchora ramani mstaafu. Kazi nilianza enzi za wino mweusi na rula ya chuma, na katika miaka ya 1970 nilikuwa miongoni mwa vijana waliochora viwanja vya Sinza na Kijitonyama wakati wa ule mradi wa viwanja na huduma. Naishi Buguruni. Ndege nazijua kwa masikio: zile zinazotua zikitokea baharini hupita kwetu magurudumu yakiwa yameshateremka, na mazungumzo ya barazani husimama mpaka mlio uishe.

Kompyuta ni ya mjukuu wangu anayesoma upimaji wa ardhi. Aliikusanya Kariakoo kipande kwa kipande, mingine mitumba, pamoja na usukani wa mezani unaovutwa na kusukumwa kama wa ndege. Siku moja alinivutia kiti akasema, "Haya mume wangu, leo wewe ndiye rubani." Jina la programu yenyewe sitalitaja, kwa kuwa sina nia ya kuitangazia biashara wala kuichafulia.

Ndege aliyonipa ni Cessna 172, viti vinne, injini moja, mabawa juu ya kichwa. Kwa mtu wa ramani hilo la mabawa ni jambo kubwa, kwa sababu dirisha lote la pembeni linabaki wazi kutazama chini. Ndege hii imeanza kuundwa miaka ya 1950 na zimeshatoka zaidi ya 40,000. Hakuna aina nyingine iliyoundwa kwa wingi huo. Nadhani ndiyo maana programu nyingi za aina hii humpa mgeni ndege hiyo kwanza.

Tuliruka kutoka uwanja wa Julius Nyerere. Barabara kuu ya kurukia pale ina namba mbili: 05 ukiielekea kaskazini mashariki, 23 ukirudi upande wa pili. Hizo ni nyuzi za dira, 50 na 230, zilizoondolewa sifuri ya mwisho. Urefu wake ni mita 4,600, na ndege ndogo haihitaji hata robo ya lami hiyo. Unasukuma wenzo wa injini hadi mwisho, unakanyaga pedali ya kulia kidogo kwa sababu propela inaivuta pua kushoto, na kasi ikifika noti 55, yaani maili 55 za baharini kwa saa, unavuta usukani taratibu. Basi. Ardhi inakuacha yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa kaskazi. Programu inachukua hali ya hewa ya wakati uleule kupitia intaneti, kwa hiyo upepo uliokuwa ukipeperusha kanga kwenye kamba uani ndio tulioukabili kwenye kioo. Rubani huruka akiupa upepo uso, na ukiupa kaskazi uso pale uwanjani unakuwa umeutazama mji. Nimeichora barabara ile kwenye ramani mara nyingi, lakini haikuwahi kunijia akilini kwamba mstari wake ukiurefusha unafika karibu sawasawa katikati ya jiji. Ukishika nyuzi 50 bila kupinda, Kiwalani inapita chini, unaiona TAZARA na daraja la juu la Mfugale, Buguruni inakuja kushoto, halafu Ilala, Kariakoo, Posta, na mara bahari. Dakika chache tu. Kwa daladala saa kumi na moja jioni, msomaji anajua mwenyewe.

Mjukuu wangu hana mzaha na sheria. Kanuni za kimataifa zinataka ndege inayopita juu ya mji ikae angalau futi 1,000 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote vilivyo ndani ya mita 600 kutoka ilipo. Kwa hiyo tukikaribia minara pacha ya PSPF na jengo la Bandari hunilazimisha kupanda, hata kama minara yenyewe kwenye kompyuta yetu ni mifupi kuliko ilivyo. Na hapo ndipo penye hoja yangu.

Mhariri, barabara za Dar ya kwenye kompyuta ziko mahali pake. Miraba ya Kariakoo ipo. Sinza niliitambua kabla sijaambiwa, kona kwa kona, na nilikaa nikiizunguka mpaka mwenye kompyuta akauliza kama nimeangusha kitu kule chini. Kilichonishangaza zaidi ni Tandale na Manzese. Katika ramani tulizochora sisi, maeneo yale tuliyajaza rangi ya kijivu na kuandika juu yake kwamba hayajapimwa, basi tukaendelea na kazi nyingine. Leo nimeinamisha bawa juu ya Tandale nikaona vichochoro, hata vile ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hupisha.

Lakini mapaa! Nyumba za Tandale zimevikwa vigae vyekundu na kupewa ghorofa moja juu, na mbele zina majani yaliyofyekwa vizuri. Bati halipo. Ghorofa za Kariakoo zinazokaribia kumi zimekatwa zikabaki tatu, na huko Vingunguti kuna kibanda kimepandishwa cheo kikawa jengo la ofisi. Kanisa la Azania Front, ambalo kila aliyefika kivukoni analijua kwa mnara wake, kwetu limekuwa ghala. Daraja la Nyerere pale Kigamboni, mita 680, tulilolifungua 2016 kwa mbwembwe, limelala juu ya maji bila nguzo wala nyaya zake. Ukitaka kulitumia kama alama ya kujua ulipo, kama marubani wa ndege ndogo wanavyofanya, utalipita. Nako Jangwani bado kuna nyumba zilizokwisha kuvunjwa. Hilo la mwisho silaumu. Kila ramani ina tarehe yake.

Nikataka kujua kosa linatokea wapi, kwa sababu mtu aliyepatia kichochoro cha Tandale anashindwaje kupatia paa?

Ofisini kwetu tulikuwa na chombo kiitwacho stereoskopu, miwani iliyosimama juu ya miguu ya chuma. Unaweka chini yake picha mbili za eneo moja, zilizopigwa na ndege kwa kupishana kidogo, jicho moja picha hii, jicho jingine ile. Ukizipanga vizuri, minazi inasimama. Mabonde yanazama, majengo yanainuka kutoka mezani, unaweza kupima urefu wake. Wageni waliotembelea ofisi tulikuwa tukiwatazamisha, na wengi walinyoosha kidole kugusa.

Miji ile ambayo programu hizi zinaionyesha kwa sura yake halisi, mpaka dirisha la duka, imetengenezwa kwa elimu hiyohiyo. Ndege inapita ikipiga picha kutoka pembe nyingi, kisha kompyuta inazilinganisha kwa maelfu na kuinua kila jengo. Kazi hiyo ina gharama, na miji iliyofanyiwa ni michache ukilinganisha na dunia. Miji mingine mingi inaonwa kwa setilaiti kutoka juu moja kwa moja. Picha ya namna hiyo inakupa umbo la paa lakini haikuambii nyumba ina urefu gani. Hapo kompyuta inakisia. Inatazama ukubwa wa paa na sehemu ya dunia, kisha inachagua nyumba kutoka kwenye akiba yake, na akiba hiyo haikukusanywa Mbagala.

Wala si sisi peke yetu tuliopatikana. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilipotoka, watu wa London walikuta kasri la Buckingham limegeuzwa jengo la ofisi. Melbourne, Australia, ndiko kulikotia fora: katikati ya mtaa wa nyumba za kawaida ulichomoza mnara mwembamba wa ghorofa 212, ukapenya mawingu, na watu wakaanza kwenda kuuzunguka kwa ndege kana kwamba ni mlima. Chanzo chake kilikuwa mtu mmoja aliyekuwa akijaza taarifa za jengo kwenye ramani ya OpenStreetMap. Ghorofa zilikuwa 2, kidole kikaandika 212. Ramani ilisahihishwa baadaye, ila watengenezaji walikuwa wameshachukua nakala ya zamani.

Wengi waliisimulia habari hiyo kama kichekesho. Mimi nilipoisikia nilikaa wima. Kumbe mahali ambapo mtu ameandika idadi ya ghorofa, kompyuta haikisii, inatii! Mtu wa kawaida, asiye na cheo, ameandika namba kwenye ramani ya bure na jiji zima la kwenye kompyuta likabadilika.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004. Ni ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, na yeyote anaweza kuitumia bila kulipa. Programu nyingi, zikiwemo za ndege, huchota humo barabara, mito na misingi ya nyumba. Na hapa Dar haikuchorwa na mgeni aliyekaa mbali. Tandale ilichorwa mwaka 2011, wanafunzi wakishirikiana na wakazi wenyewe. Kuanzia 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia kata kwa kata pamoja na wakazi, simu mkononi, wakaandika mifereji, vizimba vya maji, njia na nyumba, hasa kule kunakofurika. Droni zikarushwa kupiga picha. Vichochoro nilivyoviona kutoka futi 1,500 viliwekwa na miguu ya vijana hao. Sisi wenye ofisi na stereoskopu tuliviacha kijivu.

Kilichopungua sasa ni kimo. Nyumba nyingi za Dar kwenye ramani hiyo zina msingi tu. Hazina idadi ya ghorofa wala aina ya paa. Kujaza mambo hayo mawili hakuhitaji setilaiti wala shahada. Kunahitaji mtu asimame mtaani, ahesabu, aandike. Mjukuu wangu na wenzake wameanza na mitaa ya huku kwetu, mmoja akitembea, mwingine akijaza. Programu za ndege zitachukua masahihisho hayo kwa wakati wake, pengine mwaka huu, pengine baadaye. Mimi sijali sana, maana wa kwanza kufaidika si rubani.

Nieleze. Kutoka angani utaona kitu ambacho chini hukioni kwa sababu ya kuta na magari: bonde la Msimbazi ni njia moja ndefu ya kijani inayotoka vilima vya Pugu, inapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, mpaka Daraja la Salenda. Maji ya mvua ya huko juu yote yana mlango huo mmoja. Desemba 2011 yalipokuja, watu walipanda juu ya mapaa, na baadhi ya waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Afisa wa maafa anayetaka kujua ni kaya ngapi hazina pa kupanda maji yakiingia usiku anahitaji namba ileile ambayo programu ya ndege inaikosa: nyumba hii ina ghorofa, ile haina. Zimamoto nao wanaihitaji, wajue ngazi ipi ipelekwe. Na sensa ya 2022 imetuhesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, kwa hiyo makisio ya kompyuta yanagusa vichwa vingi.

Sasa niwajibu wa ukurasa wa michezo. Mashine ya kuigiza urubani iliyopata jina mapema kuliko nyingi iliundwa na Mmarekani, Edwin Link, kule Binghamton mwaka 1929. Baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya mivukuto, na kijana akachukua mivukuto na pampu za vinanda hivyo akaviweka chini ya kijindege cha mbao kinachoinama na kugeuka. Wakubwa waliona ni mchezo. Mashine nyingine ziliuzwa kwenye viwanja vya burudani. Mwaka 1934 marubani wa jeshi walipokufa wakisafirisha barua katika hali mbaya ya hewa, jeshi la Marekani likaenda kununua sita. Leo viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa kawaida vinataka saa zisizopungua 40 za kuruka kwa leseni ya rubani binafsi, na hadi saa 5 kati ya hizo zinaweza kukubaliwa kwenye mashine ya kuigiza. Ya sebuleni kwetu haihesabiki, nakubali. Ila mwenzangu mmoja wa barazani, fundi cherehani, alikuja kutucheka akaketi. Alipoondoka alikuwa ameshajua kwa nini ndege hugeuzia upande fulani kukiwa na kusi, na alitaka kujua kwa nini barabara fupi ya pale uwanjani, ile ya mita 1,000, haipewi ndege kubwa. Hayo ni maswali ya mtu mzima.

Kuna suala la bando, nisilifiche. Programu za aina hii huvuta picha za jiji kadiri unavyoruka, na bando likikatika juu ya Magomeni, mji unaondoka na unabaki na uwanda wenye miti ya kubuni. Ndiyo maana sisemi kila nyumba iwe na chombo hiki. Shule moja ya sekondari yenye maabara ya kompyuta ingetosha kwa kata nzima, somo la jiografia likahamia dirisha la Cessna kwa kipindi kimoja.

Maombi yangu ni haya. Halmashauri zetu za Dar zina picha za anga na vibali vya ujenzi, na kila kibali kinaonyesha ghorofa ngapi ziliruhusiwa. Zitoe namba hizo, bila majina ya wenye nyumba, vijana wazipeleke kwenye ramani ya wote. Vyuo vyenye wanafunzi wa upimaji na mipango miji viwape kazi hiyo wakati wa mafunzo ya vitendo, badala ya kupima uwanja wa chuo uleule kila mwaka. Nanyi wahariri, mkiandika habari ya jengo jipya, tajeni ghorofa zake kwa usahihi, maana nimekuta jengo moja la mjini likiwa na idadi tatu katika magazeti matatu.

La mwisho ni kwa wenye nyumba wa Buguruni, Ilala na kwingineko vijana watakakopita. Wiki hizi kuna binti mwenye simu na daftari anayesimama ng'ambo ya barabara, anatazama juu, anaandika. Wengine wamemfukuza, na mama mmoja alimwambia ghorofa ya pili si yake. Jamani, kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, na wenye kuikata hawangoji habari kutoka kwa mjukuu wangu. Akiuliza paa lako ni bati au zege, mjibu. Na kama nguzo za chuma zimechomoza juu kwa ajili ya ghorofa ijayo, mwambie pia, aandike kwamba haijajengwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mchora ramani mstaafu
Buguruni, Dar es Salaam